Paipu ya Trekta Kuukuu: Soma Maandishi Kabla ya Kulipa

(Maelezo yaliyotolewa kwa wenye trekta, madereva na mataniboi wa Thika na Ruiru)

Ninyi vijana mataniboi mlioketi kule nyuma, tafadhali sogeeni mbele kidogo, kwa maana maneno ya leo yanawahusu ninyi zaidi kuliko hawa waliopata viti.

Huenda mtu anajiuliza: hawa watu wa huduma za jamii kazi yao ni karo za watoto, wagonjwa na vikundi vya akiba, paipu za trekta zinawahusu nini? Zinatuhusu kwa njia moja. Mtu akipoteza mkono au akiangukiwa na trela, gereji haimjui tena na shamba limekwisha kuajiri mwingine. Anayebisha kwenye mlango wetu ni mkewe, na mtoto mgongoni. Tumechoka kukutana na mambo haya yakiwa yamekwisha kutokea, hali paipu yenyewe ilikuwa ikitoa ishara tangu msimu uliopita.

Sisi si makanika. Haya tutakayoyasema tumeyapata kwa kusoma vitabu vya watengenezaji na kwa kuketi na mafundi wanaoijua kazi. Kama kuna fundi hapa ambaye ana la kuongeza, atapewa nafasi.

Trekta tunazozizungumzia mnazijua. Ni Massey Ferguson 35 na 135, ni Ford 3000 na 5000, na kuna David Brown na Fiat za zamani. Ford 3000 ilianza kutengenezwa mwaka 1965 ikakoma katika miaka ya 1970, kwa hivyo hata ile changa kabisa inaweza kuitwa mzee mbele ya wengi wenu. Nyingi zilifanya kazi kwanza katika mashamba makubwa ya kahawa, mkonge na nanasi. Halafu mashamba ya kahawa ya Ruiru yakaanza kukatwa vipande na kujengwa nyumba, mkiangalia Tatu City iliyozinduliwa mwaka 2010 mtaelewa tunasema nini, na trekta zikabadilisha mikono. Siku hizi nyingi hazilimi sana. Zinabeba. Mbolea ya ng'ombe, majani ya nepia, mchanga, murram, kokoto, maji, mawe kutoka machimbo ya Juja na Ndarugu. Plau limeachwa nyuma ya nyumba, kuku wanalalia, lakini trela haipumziki.

Na hapo ndipo paipu inapoingia. Sikilizeni vizuri, kwa maana jambo hili wengi hawalifikirii. Kwenye Massey 35, 135 au Ford 3000, ile mikono ya nyuma inayoinua plau inasukumwa na silinda iliyo ndani ya mwili wa trekta. Mafuta hayatoki nje, wala hakuna paipu ya mpira. Paipu huja pale mnapoongeza trela ya kumwaga, au kijiko cha mbele cha kuzoa, au usukani wa pawa. Kwa hivyo paipu nyingi tunazoziona hazikutoka kiwandani pamoja na trekta. Zilifungwa na fundi fulani, mwaka fulani, kwa alichokuwa nacho mkononi siku hiyo. Mwingine akaja akabadilisha. Ukisema utanunua "kama ile iliyokuwepo", huenda ile iliyokuwepo ilikuwa makosa tangu mwanzo.

Sasa tuangalie kilichomo ndani yake. Mkipima gurudumu la gari dogo mnapata presha ya 30 hivi, kwa kile kipimo ambacho mafundi huandika psi, yaani pauni kwa kila inchi ya mraba. Ndani ya paipu ya haidroliki ya trekta hizi presha huweza kupanda kati ya 2,000 na 3,000. Wacha tuseme 2,500. Hiyo ni zaidi ya mara 80 ya gurudumu la gari. Na inapita katika mpira ambao mtu anaushika kwa kiganja kimoja.

Halafu kuna hili la trela. Silinda nyingi za trela zetu husukuma upande mmoja tu: mafuta yanainua, uzito wenyewe unateremsha. Mkishainua tani tatu za mchanga, hata mkizima injini, uzito wa mchanga bado unayakandamiza yale mafuta ndani ya paipu. Trekta imenyamaza, dereva ameshuka anakunywa chai, lakini paipu haijapumzika hata kidogo. Paipu ikipasuka wakati huo, sanduku la trela linashuka kwa kishindo, na halimngoji mtu atoke.

Hata hivyo, ajali tunayoiogopa zaidi haina kishindo. Ni ile ya tundu dogo.

Kijana mmoja taniboi, ambaye hatutamtaja yeye wala shamba alilofanyia kazi, alitumwa atafute mahali paipu inapovuja. Mafuta yalikuwa yakitoka kama mvuke, hata macho hayayaoni vizuri. Akapitisha mkono juu ya paipu polepole, kama mtu anayetafuta upepo unaoingia dirishani. Akahisi kama amechomwa na mwiba. Alipoangalia kidole aliona kitone tu, hata damu haikutoka ya maana. Akapanguza kwa kitambaa, akaendelea kupakia mbolea mpaka jioni. Usiku kidole kikavimba kikawa kama muhogo. Kesho yake akaenda kwenye zahanati, akapewa vidonge vya maumivu, akarudi nyumbani. Alipomfikia daktari wa upasuaji ilikuwa siku ya tatu. Kidole hakikuokolewa, na vile viwili vya jirani yake havikunji tena.

Mnaona, ule haukuwa mwiba. Presha ya 100 psi tu inatajwa na watu wa usalama kuwa inatosha kupenyeza mafuta kwenye ngozi, na hapa tuna mara 25 ya hiyo. Mafuta yanaingia kupitia tundu ambalo sindano ingelionea haya, halafu yanakimbia ndani yakifuata kano za kidole mpaka kiganjani. Mwanzoni maumivu ni kidogo. Ndani nyama inaanza kufa. Mwaka 2006 madaktari walikusanya taarifa za watu 435 waliodungwa mikononi kwa presha kubwa, wengine kwa rangi, wengine kwa grisi, wengine kwa mafuta. Karibu 30 kati ya kila 100 walikatwa kidole au sehemu ya mkono.

Kwa hivyo likitokea, msingoje uvimbe. Msikamue, msichanje kwa wembe, msitie mkono katika maji moto. Ondoeni pete. Nendeni hospitali yenye chumba cha upasuaji saa hiyo hiyo, Thika Level 5 kwa walio huku, na wa Ruiru hata Nairobi si mbali. Na mkifika msiseme "nimejichoma". Ukisema hivyo utapewa plasta. Semeni hivi: "Nimedungwa na mafuta ya haidroliki yenye presha kubwa, ninaomba kuonwa na daktari wa upasuaji." Chukueni pia jina la mafuta yenyewe, au hata mtungi wake, daktari ajue ni kitu gani kimeingia. Rudieni maneno hayo hata kama anayewapokea anakiangalia kile kitone na kutabasamu.

Na ninyi wenye trekta, msimtume mtu yeyote atafute mvujo kwa mkono. Hata akiwa na glavu. Teremsheni trela chini kabisa, zimeni injini, kisha sukumeni ile leva mbele na nyuma mara kadhaa ili presha iliyobaki itoke. Baada ya hapo futeni paipu na muiangalie kwa macho. Kama ni lazima kuangalia mashine ikiwa inafanya kazi, shikeni kipande kirefu cha kadibodi au mbao na mkipitishe kwa mbali. Mafuta yataacha alama. Kadibodi iliyotobolewa haina watoto wa kusomesha.

Basi, tuje dukani.

Makosa ya kwanza ni kuchagua paipu kwa unene wake. Mtu anaibonyeza, anaona ni ngumu, nyeusi, nene, anasema hii ni ya nguvu. Tumeonyeshwa na mafundi vipande viwili ambavyo kwa nje huwezi kuvitofautisha, kimoja kina nyuzi za kitambaa ndani na kingine kina waya wa chuma. Paipu ya haidroliki ina sehemu tatu: mpira wa ndani usioharibiwa na mafuta, kisha waya au nyuzi zilizosukwa kama mkeka, kisha mpira wa nje wa kuzuia jua na mikwaruzo. Nguvu yote iko katikati, mahali ambapo jicho halifiki.

Hapa kwetu kuna vishawishi vitatu. Cha kwanza ni paipu ya kunyunyizia dawa kwenye kahawa, kwa sababu kila boma linayo. Ile imetengenezwa kwa presha ya mamia, si maelfu. Cha pili ni paipu ya upepo ya gereji, ambayo nyingi zimeandikwa 300 psi, nasi tunataka 2,500. Cha tatu ndicho kinachowadanganya hata wenye akili: paipu za mashine za kuoshea magari, ambazo zimejaa kando ya barabara kutoka Ruiru mpaka Thika. Hizo kweli zinavumilia presha kubwa, lakini ni za maji. Mpira wa ndani ukikutana na mafuta huenda ukavimba na kulainika, na kichwa kikachomoka.

Tutajuaje, basi? Kwa kusoma. Paipu ya haki ina maandishi yanayokwenda kwa mstari kutoka mwanzo hadi mwisho. Yasomeni kabla ya kutoa pesa. Kama muuzaji anaharakisha, mwambieni aharakishe na mteja mwingine.

Mtaona kwanza jina la mtengenezaji. Halafu mtaona namba ya kanuni iliyofuatwa. Kanuni ya Kimarekani huandikwa SAE 100R1 au 100R2. Ya Ulaya huandikwa EN 853 na kisha 1SN au 2SN. Ile 1 maana yake ni waya tabaka moja, 2 ni matabaka mawili. Kisha ukubwa wa tundu la ndani. Nusu inchi inaweza kuandikwa 1/2, au DN 12, au kistari na 8, kwa maana hesabu yao inakwenda kwa sehemu za kumi na sita za inchi, na nane katika kumi na sita ni nusu. Kumbukeni ni tundu la ndani. Msipime kwa nje na kumwambia muuzaji ni inchi moja. Mwisho mtaona presha ya kufanyia kazi, kwa psi au kwa bar.

Sasa shikeni penseli, hapa ndipo penye kiini cha maneno ya leo. Paipu ya nusu inchi ya tabaka moja, 1SN, imepewa presha ya kazi ya 160 bar, yaani psi 2,320 hivi. Trekta yako inatoa 2,500. Haitoshi! Iko chini, ingawa ina waya, ingawa ni mpya, ingawa muuzaji ameapa. Paipu ya nusu inchi ya matabaka mawili, 2SN, imepewa 275 bar, karibu psi 4,000. Hiyo inatosha, na inabakiza nafasi kwa ajili ya yale mateke yanayokuja trela iliyojaa inaporuka kwenye matuta. Kwa hivyo kwa trela ya kumwaga na kwa kijiko cha mbele, ombeni waya mara mbili. Hatuoni sababu ya kubishana juu ya jambo hili.

Mtu ataona kuwa akinunua tundu kubwa zaidi atapata nguvu zaidi. Sivyo, ni kinyume. Kwa waya ule ule, tundu likipanuka presha inayovumiliwa inashuka. Ile 2SN iliyo 275 bar kwa nusu inchi inashuka kuwa 215 kwa robo tatu inchi. Na 1SN ya robo tatu ni 105 tu, ambayo ni psi 1,500 hivi. Mtu ametoa pesa nyingi zaidi akarudi nyumbani na paipu dhaifu zaidi.

Kuna jambo jingine wauzaji hupenda kusema: "Hii haipasuki mpaka 8,000." Huenda anasema kweli. Kanuni inataka paipu mpya ihimili mara nne ya presha yake ya kazi kabla ya kupasuka. Lakini ile akiba ya mara nne imewekwa kwa ajili ya uzee, joto, mikunjo na mateke. Haikuwekwa ili mnunuzi aile siku ya kwanza. Hesabu ni moja tu: presha ya kazi iliyoandikwa kwenye paipu isiwe chini ya presha ya juu kabisa ya trekta. Na kama fundi wenu aliongeza washa kwenye vali ya usalama ili trela inyanyue zaidi, basi hata ile presha ya kitabuni si yake tena. Rudisheni vali ilivyokuwa, ndipo mkanunue paipu.

Tuseme haraka juu ya paipu za kurudisha mafuta na za kuvuta. Ile inayorudisha mafuta kwenye tenki haina presha kubwa, na pale mtengenezaji alipotumia klipu ya kukaza kwa bisibisi, klipu inaruhusiwa. Ile inayovuta mafuta kwenda kwenye pampu haipasuki bali hunywea, kama mrija wa soda ukivuta sana, kwa hivyo inatakiwa iwe na waya wa mzunguko ndani. Mkitia paipu laini pale, pampu inakosa mafuta, inalia, inakufa. Lakini klipu kwenye paipu ya presha, jameni, hapana. Hata zikiwa tatu.

Vichwa vya paipu ni nusu ya shughuli. Kichwa kibanwe kwa mashine, na kile kikombe cha chuma kinachobana kiwe ni cha aina ya paipu hiyo. Fundi wa kweli ana kitabu au chati inayomwambia abane mpaka kipenyo gani, na baada ya kubana anapima. Mkiona anabana kwa kukisia, ondokeni. Vichwa vilivyokwisha kubanwa mara moja havirudiwi kwenye paipu mpya. Kuchomelea kichwa kwa welding ni kumpikia jirani msiba, kwa maana joto linaharibu mpira wa ndani ambao hamuuoni.

Halafu meno ya nati. Trekta zetu ni mchanganyiko wa Uingereza, Marekani na Italia, na kila nchi ilikuja na meno yake. Ubaya ni kwamba mengine yanafanana. Meno ya Kiingereza ya BSP ya nusu inchi na ya Kimarekani ya NPT ya nusu inchi yote ni 14 kwa kila inchi, ila pembe za meno si sawa. Ukikaza yataingia, utafurahi, na yatavuja. Mtu anakaza zaidi, nati inapata ufa. Dawa yake ni rahisi: nendeni dukani na paipu nzee yenyewe, pamoja na vichwa vyake vyote viwili, mkiweza pia na kile kipande cha kwenye trekta. Msiende na picha ya simu peke yake. Fundi ana geji ya kupimia meno, wacha aitumie.

Urefu nao una mambo yake. Paipu ikipata presha hubadilika. Inaweza kufupika kwa sehemu 4 katika 100. Paipu ya mita moja na nusu inaweza kupungua sentimita 6. Kama mliifunga ikiwa imenyooka kama kamba ya nguo, sentimita hizo zitatoka kwenye kichwa. Acheni ulegevu, na trekta ikikata kona na trela nyuma ulegevu uzidi. Isiburute chini, isilale karibu na ekzosi, wala isisuguane na chuma chenye ncha. Kwa nusu inchi, kona isiwe kali kuliko kuzunguka sufuria yenye upana wa inchi 14, ile ya kupikia watu wengi. Na angalieni ule mstari wa maandishi baada ya kukaza: ukienda umenyooka ni vyema, ukizunguka paipu kama mzabibu, mmeisokota, fungueni mrudie. Ikiwa paipu inapita karibu na kiti cha dereva, ivisheni ala ya turubai au ya nailoni nzito, ili ikitoboka isimrushie mafuta usoni.

Ile midomo ya kuunganishia trela tunaiona imezibwa kwa gunzi la mahindi. Gunzi linaacha makapi, makapi yanakwenda kwenye vali. Na wengine bado wanafunga kwa ile mifuko ya plastiki iliyopigwa marufuku mwaka 2017, sijui wameiweka akiba wapi. Vifuniko vyake vinauzwa, ni vidogo na havina gharama ya kutisha.

Sasa tarehe. Kwenye yale maandishi mtaona kitu kama 2Q24, yaani robo ya pili ya mwaka 2024. Hiyo ndiyo siku ya kuzaliwa ya paipu, na dukani mpya isiyotumika bado inazeeka. Wajerumani wana kanuni inayosema paipu iliyofungwa vichwa isipite miaka 6 tangu kufungwa, pamoja na muda iliokaa stoo, ambao usizidi 2. Hapa kwetu trekta inalala juani mwaka mzima. Tungekuwa sisi wenye trekta, tusingejipa miaka mingi kuliko Wajerumani. Lakini dalili zisingoje kalenda. Mkiona nyufa kwenye mpira wa nje, au waya umechungulia, au pameota uvimbe kama chunusi, au kichwa kinatoa jasho la mafuta pale kilipobanwa, paipu hiyo imekwisha. Msiifunge kwa utepe wala kwa tyubu ya baiskeli. Ile tyubu haizuii kitu, inaficha tu mahali mvujo ulipo, na ndipo kijana anatumwa kupapasa.

Kuhusu paipu zilizokwisha kutumika, zinazotolewa kwenye mashine kubwa za barabara na kuuzwa kwa bei ya kuvutia, sisi tunasema acheni. Huwezi kujua ilikunjwa mara ngapi. Pia paipu isiyo na maandishi, au ambayo maandishi yamefutika, haina baba wala mama. Msiitie kwenye trekta.

Tunajua mtasema, pesa ziko wapi? Swali ni la haki. Paipu ya waya mara mbili yenye vichwa vya kubanwa ni ghali kuliko ya waya mmoja, na msimu wa mvua haungoji. Lakini angalieni nani anayelipa. Mwenye trekta akiokoa hapa, deni linaandikwa kwenye mkono wa taniboi, naye hakuulizwa. Vikundi kadhaa vya akiba tunavyovitembelea vina wanachama wenye trekta mbili tatu. Hakuna ubaya mkiwa na mfuko mdogo wa spea, na daftari la kuandika kila trekta ilifungwa paipu gani, presha gani, tarehe gani. Msinunue roli zima mkaweka stoo, litazeeka. Paipu moja ya ziada kwa kila trela, imefungwa vichwa, imezibwa midomo, imewekwa gizani, hiyo inatosha.

Na vijana, sheria iko upande wenu zaidi ya mnavyodhani. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007, kifungu cha 14, inasema mfanyakazi aone hatari kubwa iliyo karibu amwarifu msimamizi wake, na asilazimishwe kurudi mahali hapo mpaka hatari iondolewe. Akiondoka kwa sababu ya haki, asifukuzwe kwa hilo. Na Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka huo huo, ambayo wengi huiita WIBA, inamtaka mwajiri alipe fidia mtu akiumia kazini, awe na bima ya kulipia hayo, na aripoti ajali katika siku 7 tangu apate habari. Hata kibarua ana haki ya kuuliza. Tunajua kusema ni rahisi, na kijana anayekataa kazi Ijumaa huenda Jumatatu asiitwe. Ndiyo maana tunalisema mbele ya wenye trekta, wakiwa wameketi hapa hapa, ili lisiwe neno la kijana peke yake. Mtu akiumia, njooni ofisini mapema na jina la daktari na tarehe, tutasaidia kuandika. Msingoje mpaka kidonda kipone ndipo mtafute karatasi.

Kabla hatujafungua maswali, mambo mawili madogo. Mtu asiingie chini ya sanduku la trela lililoinuliwa kama halijawekewa nguzo ya chuma ya kulizuia. Jiwe halitoshi, gogo la mti halitoshi, na jeki ya gari haikutengenezwa kwa hilo. Wenye trela mpya au wanaokarabati, waulizeni mafundi juu ya vali inayofungwa kwenye mdomo wa silinda, ambayo hujifunga yenyewe paipu ikipasuka na kuzuia sanduku lisianguke ghafla.

La pili: mkishabadilisha paipu, ile nzee msiitundike ukutani. Atakuja jirani usiku wa msimu, atabembeleza, nanyi mtampa. Ikateni katikati kwa msumeno wa chuma siku hiyo hiyo, vipande vikafanye kazi ya kuzuia lango lisigonge ukuta.

Karibuni kwa maswali. Tuanze na kule nyuma.